Skrini Ilisema Damu Ipo

Skrini ilisema damu ipo.

Kundi O hasi, mifuko kumi na miwili. Daktari aliisoma namba ile kwa macho yake mwenyewe, akasema basi, hakuna haja ya kumhamishia mgonjwa hospitali kubwa. Tunamfungua hapa hapa.

Mgonjwa alikuwa mama mdogo, mimba ya kwanza, na hali yake haikuwa nzuri.

Wakamfungua. Mtoto akatoka analia. Damu ya mama ikagoma kusimama.

Baba Pacha, mtu wa maabara aliyekuwa akitunza friji ya damu, akaleta mfuko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

"Leta mingine!" daktari akapaza sauti.

Baba Pacha akasimama mlangoni, mikono mitupu.

"Daktari, imekwisha."

"Imekwisha vipi? Kumi na miwili nimeiona mimi!"

"Friji haina kitu, daktari."

Sasa hebu fikiria. Friji haina kitu, skrini inasema mzigo upo, na mtu yuko mezani amefunguliwa tumbo.

Haya hayakunipata mimi, yalimpata dada yangu. Sisi nyumbani tunamwita Fundi tangu utotoni, kwa sababu hakuna redio aliyoiacha na parafujo zake. Nayasimulia mimi kwa ruhusa yake. Yeye si mtu wa maneno, yeye anaandika programu za kompyuta. Mimi ni dereva wa pikapu, mdomo ninao. Na mwisho wa mambo haya nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu.

Yule mama alipona.

Lakini ili damu isimame, daktari alilazimika kumtoa kizazi. Mtoto wake wa kwanza ndiye wa mwisho.

Mume wake alipoambiwa hakulia wala hakugombana na mtu. Aliuliza swali moja tu.

"Hiyo damu mliyosema ipo, imekwenda wapi?"

Swali hilo likaanza kutembea hospitali nzima.

Na kusema kweli, minong'ono ilikuwepo hata kabla ya siku ile. Kwa wiki kadhaa watu walikuwa wakiona mambo hayaeleweki. Asubuhi skrini inasoma mifuko kibao. Jioni namba imeporomoka, na ukiuliza mifuko iliyotumika wodini, haifiki hata nusu ya ile iliyopungua. Kesho yake namba imepanda tena bila mtu yeyote kuja kutoa damu.

Matroni alikuwa amewahi kumwambia Baba Pacha uso kwa uso, "Baba, mimi sikutuhumu, lakini ufunguo wa hiyo friji unao wewe."

Baba Pacha akajibu, "Matroni, mimi nikihesabu ndani ya friji napata sawa kila siku."

"Sawa na nini?"

Akainamia friji, akaanza kuhesabu tena. Skrini ilisema vingine, na skrini ilinunuliwa kwa ajili hiyo, kwamba watu waache kubishana.

Ufunguo wa pili alikuwa nao mhudumu aliyebeba masanduku ya damu kupeleka wodini. Na huyo hakuwa mtu baki. Alikuwa mdogo wake Mama Pacha, shemeji yake Baba Pacha. Walikuwa wanaishi nyumba moja, wanakula sahani moja, na kwa ajili ya wale watoto pacha mtaa mzima ulimwita Mjomba. Kazi yenyewe Baba Pacha ndiye aliyemtafutia.

Siku iliyofuata upasuaji ule, polisi wakaja kumchukua Baba Pacha. Walimtoa maabara na koti lake jeupe, wagonjwa kwenye mabenchi wanatazama.

Jioni hiyo hiyo Mjomba akatoweka. Nguo kaacha, simu kazima, polisi walipomfuata nyumbani hawakumkuta.

Hapo ndipo mtaa ulipofunga kesi. Mtu asiye na hatia anakimbia nini?

Dada yangu habari zilimkuta kazini.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, vyumba viwili vyenye feni moja iliyokuwa inapiga kelele kuliko upepo wake. Kampuni ndogo, wafanyakazi wachache, na mfumo wa hospitali ile ndio uliokuwa ukiwalisha. Dada ndiye aliyeutengeneza.

Mkurugenzi wa hospitali akampigia simu mwenyewe.

"Fundi, nataka unisaidie kitu kimoja. Nipe kutoka kwenye mfumo siku na saa mifuko ilipotoweka. Polisi wanataka ushahidi wa kumbana huyu mtu."

Dada akasema sawa. Lakini alipokata simu hakuigusa kompyuta mara moja, maana alimfahamu Baba Pacha.

Wakati anajenga ule mfumo alikuwa akishinda pale maabara. Baba Pacha alimpa kiti chake, yeye akasimama. Akamwonyesha jinsi mfuko unavyoingia, unavyopimwa, unavyopewa namba, unavyotoka. Dada anakumbuka alimwambia, "Fundi, ukiandika huko kwenye mashine yako, ujue kila mfuko hapa ni mtu aliyekunja shati akanyoosha mkono. Usinipotezee hata mmoja."

Mtu anayesema hivyo ndiye auze damu?

Hata hivyo akaingia kazini. Kazi ni kazi.

Akafungua kumbukumbu za mfuko mmoja mmoja. Ukurasa huo ulikuwepo, lakini ulikuwa mzito kufunguka na hakuna mtu hospitali aliyeutumia. Wote walitazama ule ukurasa wa mbele wenye namba kubwa kubwa.

Akaufuata mfuko wa kwanza mpaka mwisho wake. Uliingia, ulitoka, ukaenda kwa mgonjwa fulani. Wa pili, sawa. Wa kumi, sawa. Akatafuta uliopotea njiani.

Hakuna.

Akarudia. Hakuna hata mmoja.

Akaangalia siku ile ya yule mama, kundi O hasi. Kumbukumbu zinasema kabla ya upasuaji kulikuwa na mifuko mitatu.

Mitatu! Kama Baba Pacha alivyoikuta.

Sasa ile kumi na miwili ilitoka wapi?

Hapa nivumilieni kidogo niwaeleze kama Dada alivyonieleza mimi, na mimi kompyuta naijua kwa kuangalia mpira tu.

Ukurasa ule wa mbele mwanzoni ulikuwa na orodha ya makundi ya damu, na pembeni ya kila kundi namba moja tu, yaani mifuko iliyopo. Kupata namba hiyo Dada alitumia kifaa ambacho watu wa kazi yake hukitumia sana. Wewe unazungumza nacho habari za vitu, yaani kundi, mfuko, ombi, na chenyewe kinashuka chini kwenye majedwali ya data kukutafutia. Unakiambia, niletee kila kundi la damu, na pembeni yake unihesabie mifuko. Kinakuletea. Raha mustarehe.

Baadaye Matroni akaja na ombi. "Fundi, niwekee na hesabu ya maombi yanayosubiri, pale pale pembeni. Nimechoka kufungua kurasa mbili."

Ombi ni pale wodi inapoandika kwamba mgonjwa fulani anahitaji damu.

Dada akaongeza mstari mmoja: unihesabie na maombi. Akajaribu. Kila kundi alilojaribia lilikuwa na ombi moja, namba zikatoka sawa kabisa. Akaupeleka hospitali.

Siku ile sasa akafanya kitu ambacho hakuwahi kuona sababu ya kukifanya. Akakiambia kile kifaa kimwonyeshe maneno hasa kinayoyapeleka kule chini kwenye data.

Akayasoma mara moja, akafunga kompyuta, akatoka nje.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimeenda kumchukua. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi nje ya ofisi, mkoba magotini, watu wanampita na makopo yao ya rangi.

"Dada, vipi? Unaumwa?"

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umefanya nini?"

"Hakuna mwizi. Ni mimi."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikampandisha kwenye gari, sikuwasha. Akanieleza, akarudia, mpaka nikaelewa. Na nilipoelewa nikakosa pa kuweka mikono.

Kesho yake asubuhi na mapema akausahihisha kwanza ule mstari. Hilo hakusubiri ruhusa ya mtu. Kisha akaingia kwa Bosi wake.

Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mdogo wangu. Na wewe."

"Basi iishie hapo. Umeshasahihisha?"

"Nimeshasahihisha."

"Vizuri. Waandikie hospitali kwamba tumeuboresha ukurasa. Usitaje hesabu."

"Bosi, kuna mtu yuko mahabusu."

"Polisi wakikosa ushahidi watamwachia wenyewe."

"Ushahidi walionao ni namba yangu!"

Bosi akashusha sauti, akaanza kuongea kama baba. "Sikiliza, mwanangu. Kuna mwanamke ametolewa kizazi. Unajua maana yake? Ukisema neno hili mbele ya watu, sio wewe tu. Hawa wenzako hapo nje wana watoto. Hakuna hospitali itakayotugusa tena."

Dada akamtazama. Akaniambia baadaye kwamba kilichomtisha ni kwamba Bosi hakuwa anadanganya. Yote aliyosema yalikuwa kweli.

"Nimekuelewa," akasema.

Akatoka pale, akampigia Mkurugenzi wa hospitali. "Nimepata ulichonituma. Waite wote, na polisi pia."

Kikao kilikuwa ofisini kwa Mkurugenzi, saa za mchana. Alikuwepo yeye, Matroni, yule daktari, na afande aliyeshika kesi. Na kwenye kiti cha pembeni, karibu na mlango, alikaa mume wa yule mama, kofia kaiweka gotini.

Dada hakujua kwamba naye angekuwepo. 

"Haya, Fundi," Mkurugenzi akasema. "Tuambie mwizi alichukua lini."

Mezani kulikuwa na chupa za maji ya kunywa. Dada akasogeza tatu mbele yake, nyingine akaziweka chini.

"Hizi ni mifuko mitatu ya damu. Mnaziona ngapi?"

"Tatu," Matroni akajibu, kama anayeulizwa kitu cha kitoto.

"Na ninyi wanne hapo mezani mna kiu. Ninyi ndio maombi manne ya siku ile. Sasa mimi niliiomba kompyuta kwa pamoja: nihesabie chupa, nihesabie na wenye kiu. Ili ifanye yote mawili kwa mpigo mmoja, inakutanisha kila chupa na kila mwenye kiu. Chupa hii na Mkurugenzi, mstari mmoja. Chupa hii hii na Matroni, mstari wa pili. Na daktari. Na afande. Inahamia chupa ya pili, inaanza upya. Wenye kiu niliiambia isimhesabu mtu mara mbili, lakini chupa sikuiambia hivyo, ikahesabu mistari yote."

Akagusa chupa ya mwisho.

"Chupa tatu, watu wanne. Mistari kumi na miwili. Ikaandika mifuko kumi na miwili."

 Afande akawa anahesabu kwa vidole chini ya meza.

Matroni ndiye aliyeshtuka kwanza.

"Ngoja. Kwa hiyo wenye kiu wakiongezeka, maji yanaongezeka?"

"Kwenye skrini, ndiyo."

"Yaani siku tukiwa na wagonjwa wengi..."

"Ndiyo siku skrini inaonyesha damu nyingi. Jioni maombi yakifungwa, namba inashuka. Mkadhani imeibiwa."

Matroni akaweka mkono mdomoni.

Daktari aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Ningeona tatu, ningempeleka hospitali kubwa. Unalijua hilo?"

"Nalijua, daktari."

"Nani alifanya hivi?" Mkurugenzi akauliza.

"Mimi. Niliandika mstari huo kwa mkono wangu, nikaujaribu vibaya. Baba Pacha hakuchukua kitu. Hakuna mtu aliyechukua kitu. Kila mfuko ninao hapa, ulikoingia na ulikokwenda."

Wote wakageuka kumtazama mume wa yule mama. Alikuwa anaigeuza kofia yake polepole.

Dada akamsogelea, akapiga magoti. Hakuwa amelipanga hilo.

"Kaka, nisamehe."

Yule bwana akaacha kuigeuza kofia.

"Nimelala kila siku namfikiria huyo mwizi," akasema. "Nilikuwa nimeshapanga nitamwambia nini nikikutana naye. Sasa mnaniambia sina hata mwizi wa kumchukia."

Akavaa kofia, akaondoka. Hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe. Mpaka leo.

Baba Pacha akaachiwa jioni ile ile. Dada akafukuzwa kazi kabla hata hajarudi ofisini. Ujumbe ulimkuta kwenye simu akiwa bado anashuka ngazi za hospitali. Mistari miwili, hata salamu hakuna.

Ungedhani hadithi imeishia hapo, sivyo? Ukweli umejulikana, mtu katoka, kila mtu kwao.

Mimi pia nilidhani hivyo.

Siku ya pili Dada akaniomba nimpeleke nyumbani kwa Baba Pacha akamwombe radhi ana kwa ana. Nikampeleka. Nyumba ya vyumba vitatu, baraza safi, viatu vya wale pacha vimepangwa mlangoni. Kuta za nje zilikuwa na alama za matope. Mtu alikuwa amezirushia.

Mama Pacha akatukaribisha ndani. Baba Pacha alikuwa amekaa kwenye kochi, amekonda, macho chini.

Dada akasema yote aliyokuja kusema. Baba Pacha akaitikia kwa kichwa. Alipomaliza akasema, "Nimekusikia, binti yangu. Umenitoa, wengine wangeninyamazia. Mimi sina neno na wewe."

Dada akapumua. Nikasema moyoni, afadhali.

Lakini Baba Pacha hakuinua macho. Alikuwa anasugua viganja kama mtu mwenye baridi.

"Mimi neno langu ni kwa mama watoto."

Mama Pacha akasimama na trei mkononi. "Neno gani?"

"Polisi hawakumtafuta Mjomba kwa akili zao."

"Unasemaje?"

"Nilimtaja mimi."

 Nikatamani niwe nje kwenye gari langu.

"Walinibana," akaendelea. "Mifuko ilikuwa haipo, na mimi nilijua sikuchukua. Basi nikapiga hesabu. Funguo ni mbili. Kama si mimi, ni nani? Nikaona hakuna mwingine. Nikamchukia palepale, wallahi, kwa nilivyomsaidia. Nikawaambia, muulizeni shemeji yangu."

Mama Pacha akaiweka ile trei chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mdogo wangu," akasema. "Damu yangu mimi."

"Skrini ilisema mifuko ilikuwepo, mama. Mimi niliiamini."

"Mimi nilikwambia hawezi! Siku ya kwanza tu nilikwambia!"

"Ulinambia."

"Ukaamini kioo."

Baba Pacha akafunika uso kwa mikono yake miwili. Mwanamume mzima, mabega yanatikisika. Dada naye machozi yanamtoka, maana alielewa kwamba ule mstari wake mmoja ulikuwa umeingia mpaka ndani ya nyumba ya watu.

Mama Pacha akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

"Najua alipo."

Baba Pacha akainua kichwa.

"Alinipigia siku ya pili tu, kwa namba ya mtu. Akaniapisha nisimwambie mtu. Na wewe hasa."

Safari tukaifanya kesho yake, sote wanne kwenye pikapu yangu. Wanawake mbele pamoja nami, Baba Pacha nyuma kwenye bodi. Nilimwambia tubanane akakataa. Akasema upepo utamfaa.

Tulifika mchana kwenye mji mwingine, kwenye karakana ya mbao pembeni ya barabara kuu. Misumeno inalia, unga wa mbao umejaa hewani, watu nyuso zimekuwa nyeupe. Nikazima gari.

Mjomba alikuwa amebeba ubao begani. Kijana wa watu, mrefu, mwenye mikono mirefu. Alipomwona dada yake akatabasamu. Alipomwona Baba Pacha anashuka nyuma ya gari, tabasamu likakauka. Alipomwona Dada yangu na mkoba wake na mimi na funguo zangu, nadhani alituona sisi ni askari kanzu.

Hakukimbia.

Akauteremsha ule ubao, akaja mpaka mbele yetu, akanyoosha mikono yote miwili pamoja, kama mtu anayesubiri pingu.

"Mwacheni shemeji," akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyechukua ile damu."

Aisee.

Msumeno mmoja ukazimwa. Wa pili. Watu wote wakawa wanatutazama.

"Unasema nini wewe?" Mama Pacha akamvuta mkono.

"Dada, niache niseme. Yeye ana watoto wawili, mimi sina hata paka. Nilichukua mimi, nikauza. Andikeni hivyo. Ndiyo maana nilikimbia."

Dada yangu akasogea mbele. 

"Uliuza mifuko mingapi?"

"Yote. Yote iliyopotea."

"Mjomba, hakuna uliopotea. Kompyuta ilikosea. Niliikosesha mimi. Hiyo damu haikuwahi kuwepo."

Hakuelewa. Ikabidi arudie, pole pole. Hakuna mwizi, hakukuwa na cha kuiba, Baba Pacha ameachiwa, kesi imefungwa.

Mikono ya Mjomba ikashuka kidogo kidogo. Akamgeukia shemeji yake.

"Kwa hiyo wewe hukuchukua?"

"Sikuchukua."

"Mimi niliapa ni wewe," Mjomba akasema, na akacheka kicheko kimoja kibaya, kisicho na furaha. "Mimi nilijijua sijachukua. Funguo mbili. Nikasema basi ni shemeji, labda shida zimemzidi. Nikasema nikitoweka, watanishuku mimi, watamwacha yeye arudi kwa pacha."

Mnaelewa?

Wanaume wawili, wote hawana hatia, kila mmoja ana uhakika mwenzake ndiye mwizi. Mmoja akamtaja mwenzake. Mwingine akaenda kujificha ili lawama zimfuate yeye.

Baba Pacha alijua zamu ya kusema ni yake. Angeweza kunyamaza, maana Mjomba hakujua ni nani aliyetaja jina lake. Mke wake alikuwa amesimama hapo, anamtazama tu, hamsaidii.

"Shemeji," akasema. "Waliponiuliza, mimi nilikutaja wewe."

Mjomba akamsogelea. Unga wa mbao ulikuwa umemganda kwenye nyusi.

"Siku ngapi ulikataa kabla hujanitaja?"

Baba Pacha akajibu kwa sauti ambayo karibu nisiisikie.

"Siku ile ile."

Mjomba akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Akamkumbatia dada yake kwa nguvu sana. Akampa Dada yangu mkono, akamwambia asante kwa kusema. Kwa Baba Pacha alisimama kidogo tu, mkono hakumpa. Kisha akarudi, akauinua ule ubao, akauweka begani.

Hakurudi nasi.

Kurudi, Baba Pacha alikaa nyuma tena. 

Ni mwaka na zaidi sasa. Baba Pacha alirudi maabara. Mama Pacha yuko nyumbani, wanaishi, lakini wapo wanaoishi pamoja na wapo wanaokaa pamoja tu. Mjomba huwapigia wale pacha simu, anaongea nao wanacheka. Baba yao akisogea, anasema salama, simu inakatika. Juzi hakuikata upesi. Alimuuliza mgongo wake unaomsumbua unaendeleaje. Baba Pacha alimpigia Dada kumweleza hilo tu, kwamba ameulizwa habari za mgongo.

Dada anajitegemea. Kazi anapata kidogo kidogo, na kila namba anayoitoa anaihesabu mara mbili, mara moja kwa mashine, mara moja kwa kidole.

Mimi si mtu wa mahubiri. Ila niseme kilichonibakia. Mstari wa kompyuta ulisahihishwa asubuhi moja kabla ya chai. Jina alilolitaja Baba Pacha mpaka leo halijapata wa kulisahihisha.

Siku ukisikia kuna kitu kimeibiwa na kidole chako kimeshaanza kunyooka kumwelekea mtu wa nyumbani kwako, kizuie kwanza. Uliza kama hicho kitu kiliwahi kuwepo.